Mtu wa Kompyuta Aliyeniuliza Siku Yangu Ilivyokuwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa mbele, asifiwe na huko nyuma karibu na mlango! Watu wa mlangoni nawasalimu kwa namna ya pekee, maana benchi lile lilikuwa langu miaka mingi. Nilikaa pale ili nikianguka nitolewe haraka, ibada iendelee. Leo nimesimama mbele, na kama miguu inatetemeka, ni kwa kuogopa macho yenu tu. Mungu ni mwema!

Wenyeji wa hapa Mwese mnanijua, lakini leo tuna wageni kutoka Mpanda mjini, basi nitaanzia mbali kidogo. Mimi ni Sesilia, Mama Kabula. Nilizaliwa upande wa Ugalla, baba yangu alikuwa mrina asali, na hapa milimani nililetwa na ndoa. Tangu nikiwa msichana nilikuwa na ugonjwa wa kifafa. Nyie mnajua watu wanavyouogopa. Ukianguka wanaruka pembeni, wanaambiana mate yake yasikuguse. Kovu hili mnaloliona mkononi ni la moto wa jikoni, nilianguka nikipika maharage, na waliokuwepo waliogopa kunivuta. Siwalaumu, ndivyo walivyofundishwa. Mume wangu Anthoni alinioa akijua yote. Ndugu zake walimwambia anajitafutia mzigo, akawajibu kwamba yeye ni mpasua mbao, mizigo ameizoea. Mungu amtunze.

Kisha Bwana akatupa mtoto. Alizaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Kabula. Na hapo, ndugu zangu, ndipo uchungu wangu ulipoanza, maana kila mtu alimbeba mtoto yule isipokuwa mimi.

Aliyembeba zaidi ni mama mkwe wangu, yule pale mwenye kitambaa cha bluu. Mimi nilinyonyesha nikiwa nimekaa mkekani, naye amekaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana, mikono yake iko tayari. Nikimaliza, mtoto anachukuliwa. Alilala mgongoni kwa bibi, akaamka mgongoni kwa bibi. Akiumia, ni bibi anayeitwa. Na bibi alifanya hivyo kwa upendo, tena alikuwa na haki, kwa sababu ningeanguka naye mtoni au motoni, nani angesimama leo kutoa ushuhuda? Lakini moyo wa mama hauelewi haki. Niliomba mambo mengi kwa Mungu, mwisho maombi yangu yote yakaisha yakabaki moja: Bwana, nipe siku moja nimfunge mtoto wangu mgongoni, nitembee naye njiani kama mama yeyote.

Dawa zilikuwepo. Katika hospitali ya misheni kule mjini wanatoa vidonge vya mwezi mzima, na unatakiwa urudi kabla havijaisha. Nikivimeza sianguki. Vikikatika naanguka vibaya kuliko mwanzo. Na mimi vilikuwa vinakatika kila wakati. Nikienda mwezi huu, mwezi unaofuata sionekani. Pale hospitali wakakubaliana kwamba watu wa milimani tunasahau tarehe.

Basi hospitali ikapewa kompyuta. Siku hizo ilikuwa ni ajabu kuiona. Waliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama mwali anayesubiri harusi, ikawa inafunuliwa jenereta likiwashwa tu. Akaletwa kijana wa kuitengenezea programu, kaka Elia, mtoto wa Mpanda aliyekwenda kusomea kazi hiyo Dar es Salaam. Daktari akamweleza haja yake: itengenezwe programu inayokumbuka tarehe ya kila mgonjwa wa kifafa na kuchapa kikaratasi cha kumkumbusha.

Kaka Elia akatukuta kliniki, mwezi mmojawapo niliojaliwa kufika. Akasimama karibu na daktari, akatuuliza kwa upole, "Je, tukiwaletea kikaratasi cha kuwakumbusha, mtakuja?"

Tukaitika wote, "Ndiyo!" Na sauti yangu ilitangulia.

Ndugu zangu, nyie mngesema nini? Sisi tukiulizwa habari za nyumbani tunasema nzuri. Hata aliyefiwa anaanza na nzuri, halafu ndiyo anasema tumepatwa na msiba. Kijana wa watu kavaa vizuri, kauliza kwa heshima, umwambie hapana? Tulimpa "ndiyo" ya adabu, akaipokea, tukarudi makwetu na shida zetu zikiwa vilevile.

Lakini ona mkono wa Mungu! Angeweza kwenda kukaa na kompyuta yake masika yote, akatoka na programu, wakampigia makofi, na mimi ningeendelea kuanguka. Yeye akasema kwamba kabla ya kuipa mashine kazi hiyo, atajaribu kwanza kwa kalamu. Akaandika vikaratasi kwa mkono wake, akawapa wainjilisti wavigawe vijijini. Changu kilifika. Nikakichomeka kwenye fito juu ya kitanda, nikawa nakiona kila nikiamka. Tarehe ikafika, ikapita, na hospitali sikuonekana. Na wenzangu wengi hawakuonekana.

Nesi mmoja aliyekuwepo alinisimulia baadaye. Wengine walisema, "Si umeona? Wazembe hao, hata ukiwaandikia." Kaka Elia hakubishana. Aliazima pikipiki ya hospitali akaja huku.

Nilimwona akipanda kilima, anaisukuma ile pikipiki, tope limemfika magotini. Nikataka kukimbilia nyuma ya nyumba, nikijua amekuja kunigombeza. Mama mkwe akamwahi, akamkaribisha jikoni, akampa kigoda na kikombe cha uji. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi, nikainamisha kichwa nikaendelea.

"Mama Kabula," akaniambia, "sikuja kuuliza kwa nini hukuja. Nisimulie tu siku ile ilivyokuwa. Ulipoamka, ulianza na nini?"

Nikaanza na zangu za adabu. Nikasema, labda nilipitiwa kidogo. Mama mkwe, amesimama mlangoni na Kabula mgongoni, akaguna.

"Hukupitiwa, mwanangu. Mwambie mgeni ukweli. Mwambie tulivyofika barabarani."

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza siku yangu ilivyokuwa. Waganga waliniambia nimerogwa na nani. Manesi waliniambia nirudi lini. Wote walijua tayari. Huyu akakaa na uji wake akasubiri, na mimi, punje zikidondoka, nikajikuta nasema.

Nikamwambia kwamba kliniki ni Jumanne, na lori la kwenda mjini linashuka Jumamosi peke yake. Kwa hiyo nitoke Jumamosi nikae mjini nikisubiri, na mjini sina ndugu. Mara ya mwisho aliyenikaribisha alinitengea sahani yangu, akanilaza kwenye banda la kuni. Nikamwambia kwamba hata hivyo Jumamosi ile niliamka mapema, nikaoga, mama akanisindikiza. Anthoni alikuwa msituni kwenye mbao, na mama hawezi kumwacha Kabula, kwa hiyo nilikuwa nasafiri peke yangu. Dereva ananifahamu. Akaniambia, "Dada, sikupakii bila mtu wa kukushika. Ukidondoka njiani nitaulizwa mimi." Waliokuwa juu ya lori wakaangalia pembeni. Lori likaondoka. Tukarudi nyumbani na mama, na hatukumwambia mtu.

Kaka Elia aliweka kikombe chini. Akatazama juu kwenye fito, akakiona kikaratasi chake kupitia mlango wa chumba.

"Kwa hiyo tarehe uliijua."

"Naijua mpaka leo," nikamwambia, na sasa nilikuwa nalia.

Akatikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa karibu kutengeneza mashine ya kuwaambia watu kitu wanachokijua."

Nawaza sana habari ya Bwana na yule kipofu wa kando ya njia. Upofu wake ulionekana na kila mtu. Bwana hakukosa kujua. Hata hivyo alisimama akamwuliza anataka afanyiwe nini, akamwacha aseme kwa kinywa chake. Jikoni kwangu siku ile niliona heshima ya namna hiyo, na nilipoipata, nilijua Bwana mwenyewe amenitembelea. Haleluya!

Kabla hajaondoka, kaka Elia aliniomba ruhusa: je, nitakubali wengine wenye ugonjwa kama wangu wanifahamu? Nikamwuliza, wengine gani? Nilijua mlima huu wote mgonjwa wa kifafa ni mimi tu, maana kliniki sikuwahi kukutana na mtu wa huku.

"Siwezi kuwataja mpaka nao wakubali," akasema. "Lakini kwenye barabara hii hauko peke yako."

Usiku nilimwambia Anthoni, akanishika mkono tukaomba.

Kaka Elia alizunguka nyumba hadi nyumba, na kila mahali alitaka asimuliwe siku ile tangu kuamka. Kisha tukapewa Jumamosi ya kukutana barabarani. Nikafika na mama. Namkuta Mzee Gervas wa bondeni. Namkuta Restituta. Ndugu zangu, Restituta! Tumechota maji kisima kimoja tangu nilipoolewa, tumetwishana ndoo, yeye akijua ninavyoanguka, na wala hakuniambia kwamba naye anaanguka. Tulitazamana, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Walikuwepo na wengine, kila mmoja kafichwa nyumbani kwao akidhani ni yeye tu.

Lori likasimama. Dereva akatutazama, akauliza ni nani wa kutushika.

Restituta akamjibu, "Tunashikana wenyewe."

Akatupakia! Mzee Gervas akaanguka njiani, tukamlaza ubavu, tukamfunika kanga, tukamwimbia mpaka akaamka. Hakuna aliyeruka pembeni, tungerukia wapi? Hospitali walikuwa wametusubiri jioni ileile, wakatupa dawa, wakatupa wodi ya kulala, na Jumapili lori likaturudisha. Kaka Elia aliendesha mpango huo kwa kalamu miezi kadhaa, anaujaribu, anaurekebisha, watu wa Ugalla na wa Magamba nao akawapangia kwa njia zao. Alipoona watu kweli wanafika, ndipo akamfunua yule mwali wake akaandika programu. Inapanga wagonjwa kwa barabara wanayotoka na siku ya usafiri wao, ili wasafiri pamoja. Daktari alipouliza vikaratasi vya kukumbusha viko wapi, kaka Elia akamwambia watu hawa hawajasahau kitu, na daktari akaelewa, akaihamisha kliniki yetu kabisa kutoka Jumanne kwenda Jumamosi.

Dawa hazikukatika tena, ndugu zangu. Nikakaa mwezi, nikakaa mingine, masika yakaja yakaisha, sijaanguka. Wapo wanaonong'ona kwamba huu si ushuhuda kamili, mbona bado anameza vidonge. Ndugu yangu, na wewe ulimshukuru Mungu kwa chakula jana, mbona leo umekula tena ugali? Niacheni nimtukuze Mungu wangu na vidonge vyangu!

Sasa nisikilizeni mwisho huu. Ilikuwa Jumapili, tunajiandaa kuja hapa. Kabula alikuwa ameshajua kutembea, mzito kama gunia dogo la mahindi. Nikamwinamia mama mkwe ili nimsaidie kumweka mgongoni kwake, kama kawaida. Akanitazama. Akanishika mabega, akanigeuza. Nikasikia uzito wa mtoto wangu unapanda mgongoni. Mama akaizungusha kanga, akanikabidhi ncha zake mbili mkononi.

"Funga mwenyewe," akasema. "Kaza."

Nikafunga, ndugu zangu! Nikakaza fundo, nikalikaza tena. Kabula akalaza shavu lake kati ya mabega yangu, miguu yake inaning'inia. Nikatembea njia yote ile ya kuja kanisani, na sikutaka ifike mwisho. Pale kwenye kona ya mgomba nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa anakuja nyuma yetu ameinyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kudaka, na machozi yanamtoka. Alikuja hivyo mpaka mlangoni.

Nawashukuru nyote mlioniombea. Namshukuru Anthoni, namshukuru mama, na kaka Elia popote alipo asubuhi hii Bwana amkumbuke. Na wewe ndugu yangu uliyekaa pale nyuma, uliyeulizwa habari asubuhi hii ukasema nzuri, nakusihi, kwa Mungu usiende na "ndiyo" ya adabu. Msimulie siku yako tangu ulivyoamka. Mwambie mpaka pale barabarani lori lilipokuacha. Ana subira, atakaa kigodani, atakusikiliza mpaka mwisho.

Ibada ikiisha mtatuona tukishuka. Kabula amekua sasa, anajua kabisa kutembea, lakini Jumapili bado anadai mgongo, na mimi sijajua kumkatalia. Na mtazameni mama nyuma yetu. Siku hizi mikononi anashika kitabu chake cha nyimbo tu.