Mheshimiwa Okwudili Anyaegbu, Aliyetoka Ukumbini

Marehemu Mheshimiwa Okwudili Anyaegbu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji chetu cha Amaetiti-Agu, mtoto wa kwanza wa Mzee Anyaegbu na Mama Nwaobiara. Mimi Chinwuba, ninayesoma haya, ndiye niliyemfuata. Wengine hawakujaliwa kuishi.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkatisha sekondari mwaka 1967, akamaliza 1972. Alifundisha hesabu zaidi ya miaka ishirini, na wengi mlioketi hapa mnaijua chaki yake ya kurushwa. Mwaka 1977 alimwoa Uzoamaka, wakapata mabinti wawili.

Mwaka 1999 mlimchagua kwenda Bunge la jimbo, mkamsindikiza kwa ngoma hadi njia panda. Septemba 2001 ukaja muswada wa barabara ya lami ya kufika kwetu. Alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, barabara hii inapita shamba la baba yangu, na fidia itaingia mfukoni mwangu. Sina haki ya kupiga kura." Akatoka nje. Muswada ukaanguka kwa kukosa kura moja.

Msema kweli hana wajoli. Sokoni alibandikwa jina la Mheshimiwa Mlangoni. "Mpisheni apite!" wanawake walimtania. "Huyu kazi yake kutoka!" Kisha kijiji kikamwandikia barua ya kumtenga: asisalimiwe, asitembelewe, kola yake, ile kokwa ya kumkaribishia mgeni, isiliwe.

Aliisoma barua hiyo, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi, akairudisha. "Mmeandika sahihi mia mbili," alimwambia mjumbe. "Ziko mia moja tisini na nane. Hesabuni tena." Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Sahihi ya nne ilikuwa yangu, naye alikuwa ameiwekea alama ya vema.

Mwaka 2003 alishindwa uchaguzi, akarudi nyumbani. Kila Jumapili baada ya Misa aliweka kola kwenye sahani barazani, akaketi hadi saa sita. Kola haivunjwi na mtu peke yake, kwa hiyo aliirudisha ndani. Nilimwona. Ukuta wetu ni mmoja.

Januari 2021 alipatwa na kiharusi. Alhamisi tarehe 10 Juni Uzoamaka aliniita ukutani.

"Shemeji, anakuulizia. Njoo basi, hata usikae."

"Nitakuja Jumapili, mke wetu."

"Jumapili ipi, shemeji? Miaka yote hii, Jumapili ipi?"

Alifariki Jumamosi, tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja ambaye hakuwa na ugonjwa wowote wa miguu. Kaka, ulifanya haki nami nikaona haya kuonekana nawe. Nisamehe. Mungu akupe pumziko la amani. Mimi sitegemei kulipata.