Alama Alizotoa Namba Mbili

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja tusilie peke yetu, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nikikwama kwenye neno mnivumilie, kwani ni yeye mwenyewe aliyeagiza wasifu huu niusome mimi na si shemeji, akisema shemeji atalia kabla hajafika shule ya msingi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mabati, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza maziwa, nami nilimfuata miaka ishirini baadaye, wakati mama alishatangaza kwamba amefunga duka.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1987 hadi Novemba 1993, dawati moja na binti wa mpiga chapa, ambaye katika mitihani yote kumi na minne alikuwa wa kwanza na dada akawa wa pili, hata wenzao wakawaita Namba Moja na Namba Mbili, majina yaliyowaganda mpaka ukubwani. Walikuwa chanda na pete, lakini moyoni dada alikuwa na roho ya kwa nini, na hakutuficha kwamba mwaka ambao Namba Moja aliugua surua yeye alimwombea apone, ila apone baada ya mtihani, na Namba Moja akatokea siku ileile ya mtihani, uso mzima madoa, akawa wa kwanza.

Alimaliza sekondari mwaka 1997 na chuo cha ualimu mwaka 2000, na tarehe 8 Januari 2001 akaajiriwa shule ileile ya ng'ambo ya reli, ambako alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na miwili, mkobani akiwa na penseli za akiba, na mtoto asiye na penseli alipewa moja na kuambiwa, "Umeidondosha hii mlangoni," ili asione aibu mbele ya wenzake.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na fundi redio, wakajaliwa wavulana wawili, mwaka 2007 na mwaka 2010, na mama alipofariki mwaka 2008 nikahamia kwao nikawa kama mtoto wao. Januari 2016 nilichaguliwa kwenda sekondari nikiwa tayari mjamzito, na kanuni ya wakati ule ikanifungia geti. Miaka iliyofuata nilimwonea wivu dada, wivu wa mkoba wake, wa chaki iliyoganda kwenye kucha, wa watoto wa watu waliomkimbilia wakimwita mama, naye aliliona hilo, hakunikemea, ila alianza kurudi na madaftari ya darasa la kwanza na kunipa nimsaidie kuweka alama za vema kwenye majibu sahihi.

Juni 2022 aliteuliwa kuwakilisha walimu katika kamati ya watu watano ya kumpendekeza mkuu wa sera ya elimu ya umma ya taifa zima. Walibaki wagombea wawili, wakaandika mipango yao kwa mkono, karatasi hazikuwa na majina, na kila mjumbe alipewa nakala akasahihishe nyumbani kwa siku mbili. Alipofungua ya pili tu akajua ni ya nani, kwa sababu mwandiko ule aliuchungulia miaka saba, na kila kichwa cha habari kilipigiwa mistari miwili kwa rula. Akasema, "Hata hapa umenifuata?" akaandika hamsini na nane kwa penseli bila kumaliza ukurasa wa kwanza.

Kesho yake asubuhi, labda dhamira ilimsumbua, aliniambia macho yanamuuma, nimsomee kurasa zilizobaki huku yeye akichambua mchele. Nikasoma polepole mpaka ukurasa wa tatu, palipoandikwa kwamba msichana aliyejifungua arudi darasani, na asiulizwe lolote ila jina lake na darasa analotaka, nikashindwa kuendelea, wala si kwa ugumu wa maneno. Dada alinitazama, akasema, "Mwanamke huyu, hawezi kuandika upuuzi japo mara moja?" kisha akachukua kifutio, akafuta mpaka karatasi ikataka kutoboka, akaandika tisini na nne kwa wino. Alama za wajumbe zilipojumlishwa, Namba Moja alimpita kwa alama kumi na moja mgombea mwenzake, mkaguzi wa shule, ambaye karatasi yake ilitaka mageti yabaki kama yalivyo, na siku hiyo dada alirudi nyumbani, akavua viatu, akalia, akilitaja neno lenyewe, wivu, huku shemeji akimsugua mgongo bila kumwambia anyamaze.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, na waraka wa Namba Moja wa kufungua mageti ulitoka Agosti, ukamkuta kitandani. Akiwa wodini alijalidi madaftari yangu saba ya kidato cha kwanza, akaniambia, "Ukiwa wa kwanza nitakuonea wivu, ukiwa wa pili nitakuchapa," na tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, alifariki dunia.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemsuka nywele bila kuombwa, majirani waliomlea mwanangu siku zote za hospitali, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake. Tunamshukuru pia mgeni wetu aliyekataa kiti cha mbele akakaa kwenye benchi la mwisho. Mheshimiwa Namba Moja, dada aliagiza uambiwe hadharani kwamba kwanza alikupa hamsini na nane, kwamba zile tisini na nne zilikuwa haki yako, na kwamba ile mitihani kumi na minne hajakusamehe hata mmoja.

Dada, Januari getini nitaulizwa jina langu na darasa ninalotaka, nami nitajibu kwa sauti ili usikie. Mitihani yako imekwisha. Pumzika kwa amani.