Filamu Iliyoshonwa Mabegani

Sogeeni, wanangu, wewe Rahima na wewe Tajudin, na mwenye machozi akalilie nje, maana mimi Nusura, fundi wa Mengo nzima, sina tena pumzi ya kubembeleza mtu. Nyumba hii na cherehani ni vya Rahima, nilimpa tangu mwaka jana mbele ya shehe. Usinikunjie uso, Tajudin, bado sijakufikia.

Mnajua nilivyowashonea wale vijana wa kiume walioshindania umalkia wa urembo ukumbini kwa Kaltumi, wakijipaka wanja na kuvaa mawigi kabla serikali haijayapiga marufuku, na kila mmoja sharti amalizie kwa gomesi, lile gauni letu refu la mabega yenye ncha, nililolikagua mimi, kwani mshipi ukilegea hakuna taji. Wakubwa wa jeshi walijaa viti vya mbele wakipiga makofi. Leo haohao ndio wanaowasaka. Ptuu! Na Opoka, mpiga picha, akatengeneza filamu juu yao miaka mitatu, akiwahoji wakivaa, wakataja majina yao na ya mama zao, mjinga yule, kana kwamba nchi hii ina amani. Alipokamatwa, debe la filamu aliloniachia nilifiche likabaki chini ya kitanda hiki.

Nawe umeliona, Tajudin. Umemwahidi meja debe, naye kakuahidi duka la Mhindi aliyefukuzwa. Duka! Vijana wale wote kumi na wanne wachinjwe ili wewe upange khanga kwenye rafu! Nilikaa na uchungu siku mbili nikidhani nazaa mtoto, kumbe nazaa dalali.

Basi sikiliza, dalali. Debe limejaa vitambaa vibovu. Filamu niliikata vipande, nikavishonea ndani ya mabega ya magomesi ya wateja wangu ili ncha zisimame, na mke wa huyo meja wako alikwenda harusini Jumamosi na vijana wale mabegani, akijiona kapendeza. Msinichekeshe, kifua kinauma. Opoka nitamwomba radhi huko niendako, maana ilikuwa kazi ya miaka mitatu na ilikuwa nzuri.

Ningeweza kunyamaza. Ungembebea meja debe lake, angelifungua mbele yako, nawe usingerudi. Usiku kucha nilitaka kunyamaza, Mungu ni shahidi wangu. Lakini mtoto akikunyea kiganja, hukikati.

Rahima, maji... Asante. Debe litupe chooni. Mpe kaka yako nauli, aondoke leo hii, avuke mpaka, aende kwa mjomba wenu Abubakar, Mombasa. Nikifa mnizike upesi, msimngoje.

Tajudin, inama. Karibu zaidi, sikuoni vizuri. Nakudharau, mwanangu, nakudharau sana... na radhi yangu unayo, yote. Usinishike mkono. Ondoka... wataanza kukutafuta hapa.