Bi Tunu wa Namtumbei na Mlango wa Ghala

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ruangwa mjini, mlioko Nachingwea, na ninyi wa Mbekenyera mnaotusikia huku mikono iko kwenye korosho, habari za asubuhi. Mimi ni Teodosia. Saa hizi huwa nawasomea taarifa za halmashauri na usalama wetu. Bomba lipi limekatika, mkutano wa kijiji ni lini, tembo wameonekana wapi. Leo taarifa hizo zitasubiri kidogo. Leo nataka kumzungumzia mtu ambaye nusu ya taarifa hizo nilikuwa nazipata kwake.

Bi Tunu Mustafa amefariki. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Namtumbei, kata ya Malolo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, ndani ya ghala la korosho la kijiji chake.

Wengi wenu mnaijua sauti yake. Alizaliwa Likunja, akaolewa Malolo, akafiwa na mume akiwa bado kijana, akamlea binti yake mmoja, Zulfa, kwa ufuta na mahindi. Watu wa Namtumbei walipomchagua kuwa mwenyekiti, aliwaambia nitakubali, lakini msije mkanichoka. Mara ya kwanza kunipigia simu hapa studio ilikuwa kunigombeza. Nilikuwa nimesoma tangazo kwamba wananchi wanaombwa kuwa watulivu wakiona tembo. Simu ikaita.

"Wewe binti wa redio," akasema, "tembo yuko nyuma ya choo changu. Mimi niko ndani ya choo. Huo utulivu naupata wapi?"

Nilicheka mpaka fundi mitambo akaingia kuniangalia. Tangu siku hiyo tukawa mtu na dada yake. Kila wiki alipiga. Alitueleza jinsi ya kupaka kamba oili chafu na pilipili, kuzizungushia shamba. Aliwafundisha watu wake kutembea watatu watatu, na kutokatiza kwenye mikorosho saa ambazo mabibo yanaanza kunuka na kuwaita tembo. Alikuwa na filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Na alikuwa na pumu. Hilo wengi hamkulijua. Mimi mwenyewe nilidhani anahema hivyo kwa sababu ya haraka zake.

Sasa nisikilizeni vizuri, nieleze Jumanne ile ilivyokuwa.

Asubuhi, kwenye saa mbili, akina mama walikuwa bombani. Bomba la Namtumbei liko nyuma ya ghala, chini ya tangi la maji. Tembo wakatokea upande wa mikorosho. Hawakuwa wawili watatu. Walikuwa kundi zima, na ndama ndani yake. Bi Tunu alisikia makelele akiwa nyumbani. Alitoka na kanga moja, simu na filimbi yake. Akapuliza, akawaelekeza watu ghalani, akahesabu vichwa mlangoni. Watu kumi na wanne, yeye akiwa wa mwisho. Wakafunga komeo.

Dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, ilibaki nyumbani, kwenye dirisha la chumba.

Kutoka ghalani hadi nyumbani kwake ni hatua mia mbili. Nimekwenda, nimezihesabu. Ghala lina tundu la hewa lenye nondo, na ukisimama hapo unaiona nyumba. Unaliona hata dirisha.

Tembo hawakuondoka. Walivunja bomba, wakanywa. Jua lilipopanda wakasimama kwenye kivuli cha ghala lenyewe. Ndani, watu walisikia ngozi zao zikijisugua kwenye ukuta. Ghala ni la bati na matofali, lina vumbi la korosho la misimu yote. Joto likapanda. Vumbi likapanda. Bi Tunu akaanza kukohoa, akajiziba mdomo kwa kanga ili asisikike nje.

Ndani ya ghala alikuwemo Sadiki, mkwewe, mume wa Zulfa. Sadiki ndiye aliyenisimulia haya.

"Niliona midomo yake inabadilika rangi," alisema. "Nikamwambia, mama, nakwenda kuchukua dawa. Nakimbia. Akanikatalia kwa mkono. Nikashika komeo. Yeye akaenda akakaa chini, akaegemeza mgongo mlangoni. Akaniambia, 'Mwanangu Sadiki, ukitaka kutoka, nisogeze mimi kwanza.'"

"Ukamjibu nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia, mama, utakufa. Akasema, 'Ndama yuko mlangoni. Ukifungua, mama yake anaingia. Humu kuna watu kumi na wanne.' Mimi nilikuwa nasikia kweli, yule ndama alikuwa anapuliza pumzi chini ya mlango. Vumbi lilikuwa linaruka."

Sadiki hakumsogeza. Hakuna aliyemsogeza.

Walikuwa wamepiga simu kwa askari wa wanyamapori tangu mapema. Askari walikuwa mbali, upande wa Nachingwea, wakifukuza kundi jingine. Walisema wanakuja. Simu zikaanza kuzima moja moja. Ilipokaribia saa sita, iliyobaki na chaji ilikuwa ya Bi Tunu peke yake, nayo ilikuwa na mstari mmoja.

Hapo akakumbuka watoto. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hutoka shule saa sita. Njia yao inapita katikati ya mikorosho, na inatokea palepale bombani. Alimpigia mwalimu wao, Mwalimu Kaimu, simu haikupatikana. Akapiga mara ya pili. Haikupatikana.

Bi Safina, jirani yake, alikuwa amekaa naye, anampepea. Anasema alimwambia, "Mpigie Zulfa, dada. Zungumza na mwanao." Bi Tunu akaitazama simu. Kisha akapiga hapa.

Nilikuwa hewani, wasikilizaji wapendwa. Mlikuwa mnasikia. Sauti ilikuwa inakatika, pumzi ndefu, neno, pumzi.

"Teodosia. Tembo wako ghalani. Namtumbei. Mwalimu Kaimu asitoe watoto. Wasitoke."

Nikamuuliza, "Bi Tunu, unaumwa?"

"Usiniulize mimi. Wewe sema. Watoto wasitoke."

Simu ikakatika. Nilirudia maneno hayo mara sita. Tembo wako ghalani Namtumbei. Mwalimu Kaimu, usitoe watoto. Mama mmoja anayeuza uji kwenye geti la shule alikuwa na redio ndogo. Aliacha sufuria motoni akakimbia kwenye dirisha la darasa. Watoto walikuwa wameshabeba mifuko yao. Watoto thelathini na saba. Mwalimu Kaimu akafunga mlango, akawaambia tutaimba mpaka jioni. Wakaimba.

Mimi nilibaki hapa studio. Nilikuwa na maikrofoni mbele yangu, na sikuweza kufanya chochote zaidi ya kurudia. Nilimpigia, simu haipatikani. Nikaweka muziki. Sikumbuki niliweka nini.

Zulfa alikuwa sokoni Nachingwea, kwenye cherehani yake. Redio ya duka la jirani ilikuwa wazi. Alimsikia mama yake. Alichukua bodaboda, akafika njia panda ya Namtumbei, watu wakamzuia. Askari walikuwa bado. Alikaa pale barabarani, analiona paa la ghala kwa mbali, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Mume wake ndani, mama yake ndani.

Bi Tunu alifariki kwenye saa nane. Alifia palepale alipokaa, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Bi Safina. Watu walijua. Hawakulia kwa sauti, kwa sababu nje tembo walikuwepo bado. Fikirini hilo, ndugu zangu. Watu kumi na watatu wamekaa na maiti ya mama yao, na kulia hawawezi.

Askari walifika saa tisa na nusu. Walipiga baruti, wakawasukuma tembo kuelekea msituni. Wakagonga mlango, wakasema tokeni. Na ili mlango ufunguke, ilibidi Sadiki amsogeze.

Alizikwa kesho yake asubuhi. Askari wawili walisimama pembeni ya makaburi muda wote, wakiangalia mikorosho.

Nilikwenda msibani. Nilidhani Zulfa atanikumbatia. Aliniambia, "Dada Teodosia, yale maneno ya mwisho mliyasikia wilaya nzima. Mimi sikupata hata moja la kwangu." Na Sadiki bado halali vizuri. Ananiambia, hatua mia mbili, dada. Wazee wamemwambia alitii, na kutii si kosa. Anaitikia kwa kichwa tu.

Serikali ya kijiji imekaa kikao Ijumaa. Imeamua sanduku la huduma ya kwanza liwekwe ghalani, na tangi la maji lihamishwe mbali na nyumba za watu. Bi Tunu alikuwa ameomba tangi hilo lihamishwe, kwa barua, mara mbili.

Jana jioni Zulfa alinitumia ujumbe wa maandishi. Hakutaka kuzungumza hewani, naheshimu. Ameandika hivi: "Kundi limeonekana upande wa Likunja, bonde la chini. Watu wasipite peke yao. Watoto wasindikizwe." Basi. Hiyo ndiyo taarifa ya usalama ya leo. Wa Likunja, natumaini mmeisikia.

Kwa Zulfa, kwa Sadiki, kwa Bi Safina na watu wote wa Namtumbei, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe mama yetu mahali penye hewa.

Nanyi mnaonisikiliza, leo kabla hamjagusa chakula cha mchana, mgeukieni mtu aliye karibu nanyi. Mzee, jirani, mkwe. Muulizeni anaumwa nini, na dawa yake iko wapi. Sisi tulizungumza na Bi Tunu kila wiki kwa miaka mitano. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kabla ya Jumanne ile.