Niliandika Gari Zima

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu nyote, mtaniwia radhi nikisoma. Nikisimama mbele ya watu bila karatasi maneno hunikimbia, na hilo ndilo kosa ninalokuja kulisema. Karatasi hii nimeiandika kwa siku nne.

Mnalikumbuka lile gari la marehemu baba, pikapu aliyoinunua kwa mkandarasi aliyeondoka baada ya Uhuru. Baba alipofariki nilikaa miaka miwili nikilitengeneza. Injini nikaifufua, taa moja ikawaka, mlango wa dereva nikaufunga kwa waya. Breki sikuwa nimezifikia. Uani kwetu ni tambarare. Nikitaka kusimama, nazima injini.

Kisha mama akasema niliuze. Wakaja watu. Mmoja anataka matairi akatengeneze viatu vya katambuga, mhunzi anataka springi afue visu. Nikaona watalimaliza kama fisi. Nikachukua ubao, nikaandika kwa mkaa: NAUZA GARI ZIMA. Yaani sigawi vipande. Nawaambia, maana nyingine sikuiwaza kabisa.

Akaja mzee mmoja wa mjini, mfanyabiashara wa kuku. Akasoma ubao, akawasha, injini ikaitika. Akaniuliza, "Ni zima kweli, mwanangu?"

"Zima, mzee. Sijatoa hata nati."

Nilijua napaswa kumweleza habari ya breki. Lakini alikuwa anazungumza na mama, akimhesabia fedha, nami nikaona haya kumkatiza mtu mzima. Nikangoja amalize. Alipomaliza alikuwa keshapanda, na gari limetoka uani.

Likashika mteremko wa korongoni. Nikaona mkono wake umetoka dirishani, unapunga, unapunga. Ndugu zangu, nilidhani ananiaga. Nami nikampungia.

Likagonga kichuguu. Nilisikia ule mshindo nikabaki nimesimama, mkono bado juu. Mama ndiye aliyekimbia. Mzee tulimkuta hai, mguu umevunjika mahali pawili.

Mgambo wakanipeleka ofisi ya kijiji, na baraza likakaa. Ndugu zake mzee wakasema mimi ni tapeli, nimeandika gari ni zima na kumbe ni bovu. Wazee wetu wakajibu kwamba zima maana yake halijakatwakatwa, kila mtu hapa aliwaona waliokuja kutaka matairi. Wakavutana juu ya neno hilo moja mpaka saa saba mchana. Mwisho mwenyekiti akasema ubao hauna kosa, niende nyumbani. Watu wakanipa mkono.

Hapo nilishtuka kuliko siku ya ajali. Nimeponea kwenye neno, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilijua habari ya breki.

Chakula hakikupita. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima akaniona nimekonda, akaniuliza, sikuweza kujibu. Hakunisukuma. Alinipa penseli akasema, "Basi andika." Nikaandika maneno matatu: Breki nilijua. Sikusema.

Nikampelekea mzee hospitali. Aliisoma mara mbili.

"Na kule kupunga?"

"Nilidhani unaniaga, mzee."

"Nilikuwa nakuita, wewe!"

Akaanza kucheka. Mguu ukamuuma, kicheko kikageuka machozi, nami nikalia naye. Kisha akanirudishia karatasi, akasema nikaisome barazani. Nikaisoma. Waliokuwa wamenipa mkono waliinamisha macho, lakini usiku ule nilikula. Fedha zake nilimrudishia, na msimu mzima nikambebea matenga ya kuku mpaka aliposimama mwenyewe. Leo anatembea, anachechemea kidogo.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama aliyekimbia wakati mimi nimeganda. Namshukuru mwalimu kwa penseli yake, na mzee yule, ambaye angeweza kunifukuza kitandani pake.

Na ninyi wenzangu wenye haya kama mimi: mkubwa akiwa anazungumza, mkatize. Mwambie breki hakuna. Akikukemea, acha akukemee, maana atakuwa amesimama kwa miguu yake yote miwili.