Saa ya Muziki wa Pole Irudi Hewani Kapata

Mgeni rasmi, Mama Adolphine Kisimba, mkurugenzi mpya wa Redio Kilima. Mapadri na wachungaji wetu. Wazazi wa Kapata. Na ninyi wenzetu mliotoka Manika kwa taksi-moto, pikipiki zetu za abiria, vumbi likiwajaa hadi kwenye nyusi:

Sisi vijana wa klabu ya wasikilizaji tunakusalimu, mama, na tunakushukuru kwa kukubali kukaa kwenye jua letu. Umekuja kuzindua ratiba mpya ya vipindi. Tumeisoma pale ukutani. Saa kumi na moja jioni wameandika mashindano ya dansi. Jana ofisi yako ilitutumia ujumbe kwamba leo tushukuru tu, jambo la mtangazaji Gradi tusiliguse. Tutaligusa. Tunakuomba utukasirikie tukishamaliza, si kabla.

TULIKOTOKA

Gradi Ngoy ni mtoto wa hapa, amezaliwa katika nyumba hizi za mistari walizoachiwa baba zetu na kampuni ya migodi. Kabla ya kuwa mtangazaji alichimba kobalti kama wengi wetu. Jioni alitoka shimoni masikio yakimvuma kwa nyundo, akafika nyumbani akakuta baa mbili zinashindana kwa spika, na redio nayo imeungana nazo. Alikuwa akilala na mto juu ya kichwa, na bado usingizi haukumjia.

Alipopata kazi redioni aliomba kitu kimoja: saa ya muziki laini, kumi na moja jioni, kwa vijana wa umri wake. Gitaa la taratibu, rumba ya polepole, nyimbo za mapenzi za wanamuziki wa siku hizi, na maneno machache. Mkurugenzi wa wakati ule alimcheka, kisha akamkubalia.

JIONI YA KWANZA

Mama, wewe umekulia Kinshasa, kwa hiyo inabidi tukueleze. Huku kwetu, redio ikiacha dansi ghafla ikaweka muziki wa pole bila mtu kusema neno, kila nyumba inajua kuna msiba mkubwa na tangazo liko njiani. Gradi alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini siku hiyo furaha ilimpanda kichwani. Aliweka wimbo wa kwanza, akaweka wa pili, akaweka wa tatu, akanyamaza kimya, akifikiri anatupumzisha.

Wanawake walitoka nje mmoja baada ya mwingine.

«Juu ya nini radio inalia hivi? Nani amekufa?»

«Shimo imeanguka! Batoto betu bamo mule chini!»

Mama Jeanne, anayekaanga mandazi pale kwenye kona, aliacha mafuta motoni akakimbia bila viatu kuelekea machimboni, kwa mwanawe Ezéchiel. Alianguka mtaroni, akavunjika mkono, akainuka, akaendelea kukimbia. Ezéchiel alikutana naye njiani, mzima, simu sikioni, anasikiliza kipindi hicho hicho.

«Mama, unakimbia wapi?»

«Beko banakulilia ku radio, banasema umekufa!»

«Hapana, mama. Ni Gradi. Ni musique tu.»

Alimpiga kofi kwa mkono ule uliobaki mzima, kisha akamkumbatia, akalia mbele ya watu.

Huko studio, Gradi alisikia mlango unagongwa akadhani wamekuja kumpongeza. Alifungua akiwa anacheka. Alikuta akina mama wamejaa uani. «Unacheza na kilio yetu?» walimwuliza. Gradi, aliyekuwa akilipwa kwa kuongea, aliziba mdomo kwa kiganja. Tangu wakati huo aibu ile haijamtoka usoni.

TULIYOYAPATA

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Kisha kila jioni alifungua kipindi kwa kusema: «Hakuna muntu alikufa. Hii ni musique ya kutupoza.» Tukazoea. Wanafunzi wa mwaka wa sita walisoma masomo yao kwa kipindi kile. Wachimbaji walirudi moja kwa moja nyumbani badala ya kupitia baa. Ezéchiel aliweka redio yake dirishani ili mstari mzima wa nyumba usikie, na umeme ulipokatika alitumia betri zake mwenyewe. Hatukuwahi kuwa na kitu chetu kizuri namna hiyo, mama, tunasema wazi.

Lakini Mama Jeanne, mkono ukiwa bado umefungwa, aliongoza akina mama hadi ofisini kushtaki. Hatumlaumu. Mkurugenzi aliogopa, akamfukuza Gradi, na ili asisumbuliwe tena akapiga marufuku muziki wote wa pole hewani, kwa sababu yoyote ile.

TATIZO LETU

Mvua zilipoanza, udongo uliporomoka machimboni. Ezéchiel alikuwa chini.

Redio ilisoma tangazo huku dansi ikilia nyuma yake, maana hiyo ndiyo ilikuwa amri. Mama Jeanne alikuwa anageuza mandazi, mabega yakifuata wimbo, alipolisikia jina la mwanawe. Mteja ndiye aliyeinama akaizima redio. Safari hii hakukimbia. Hakuna kilichomwambia akimbie.

Gradi alisikia tangazo lile akiwa barabarani, amebeba magunia ya watu, kazi anayofanya sasa. Alikaa chini palepale. Anatuambia anaamini kwamba kosa lake la jioni ile ndilo lililomnyima Ezéchiel hata wimbo wa kumsindikiza. Tumemwambia sivyo. Hakubali.

TUNAYOOMBA

Tunaomba saa ya muziki wa pole irudi, na Gradi airudie. Aendelee kuifungua kwa yale maneno yake, ili mama yeyote asikimbie bure. Na siku ambayo maneno yale hatayasema, tujue kwamba kweli tumefiwa.

Tungeishia hapo. Lakini Jumapili baada ya misa, tulipokuwa tunaiandika risala hii, Mama Jeanne aliingia. Tuliogopa, tukafunika karatasi. Alisema tuandike hivi, tusibadilishe kitu:

«Mumwambie ule mama mukubwa, mimi njo mwenye nilikata ile musique. Mutoto wangu aliipenda. Sasa nyumba iko kimya mpaka inaniuma. Mumurudishie Gradi saa yake. Nitaweka radio ku dirisha.»

Mgeni rasmi, Mungu akujalie usikivu, ailinde nyumba yako, na wote unaowasubiri jioni warudi kwa miguu yao wenyewe.

Ni sisi, Klabu ya Vijana Wasikilizaji wa Kapata.

Imesomwa kwa niaba ya wote na Huguette, dada yake Ezéchiel.