Gasto Kessy, Fundi Aliyekataa Kuiacha Nyumba ya Philister Ipoe

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kutengeneza hita za kupasha nyumba joto, Gasto Kessy anastaafu tarehe 30 Aprili, msimu wa baridi ukiwa umemalizika. Shirika letu la Nyumba Yenye Joto, hapa Saint Paul, lilimpokea akiwa fundi msaidizi. Linamuaga akiwa mkuu wa mafundi, na ndiye pekee kati yetu aliyewahi kusimamishwa kazi kwa kosa la kumaliza kazi.

Gasto alijifunza ufundi umeme Moshi, na theluji akaijulia huku. Huvua buti kila mlango anaoingia, hata anapoambiwa aache. Kanisani wamemweka safu ya besi kwa sababu ya urefu wake. Kuhusu sauti, tumekubaliana tusiseme.

Mwaka jana alipoambiwa tunaandaa wasifu huu, alinipa mimi, mwandishi wake, sharti moja: "Haika, ukiiruka habari ya Oakdale, usinisome kabisa." Basi siiruki.

Philister Adhiambo, mama Mkenya anayeishi Oakdale, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa huko Maplewood. Siku moja akimwinua mgonjwa, mgongo wake ukaumia, na hakurudi kazini tena. Aliomba malipo ya ulemavu ya serikali, akakataliwa, akakata rufaa. Alisubiri miaka mitatu, akiishi kwa kukopa. Walipomkubali hatimaye, walimlipa malimbikizo yote kwa mkupuo. Madeni yakayameza.

Mwezi huohuo, katikati ya Januari, hita yake ikafa. Akaomba kwetu msaada wa joto, unaotolewa kwa wenye kipato kidogo. Kwa kuwa ilikuwa dharura, Gasto alitumwa huku ofisi ikiendelea kukagua maombi. Alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba, mashine ameshaifungua, Harrison, mkuu wa kitengo wakati huo, alipompigia simu.

"Mzee, rudisha vifuniko utoke. Huyo mama hana sifa. Kipato chake cha mwezi huu kimepita kiwango."

Kanuni ilivyosomwa ofisini, kila kilichoingia mwezi ule kilikuwa kipato cha mwezi ule. Malimbikizo ya miaka mitatu yalimfanya Philister aonekane tajiri, naye amekaa jikoni amejifunika mablanketi.

"Mama ni mlemavu, nyumba imeganda, na kipuri ninacho mkononi," Gasto alijibu. "Unataka sifa gani nyingine?"

"Ukikifunga, utajibu mwenyewe."

"Nitajibu. Lakini sitoki humu nikimwacha na baridi."

Akakifunga. Nyumba ikapata joto, na kesho yake Gasto akasimamishwa bila mshahara hadi aombe radhi kwa maandishi. Hakuandika. "Nimwombe nani radhi?" aliniuliza. "Hita?" Akaenda kufanya usafi hospitalini Coon Rapids, na kila jioni mkewe alimsihi aandike mistari miwili tu yaishe. Iliwagharimu, na hakuandika.

Mimi niko kitengo cha maombi. Nilimsaidia Philister kukata rufaa dhidi ya uamuzi wetu huo. Angeweza kusikilizwa kwa simu. Akasema hapana, wamwone. Alikuja akiegemea kigari chake cha kutembelea, na Gasto akaja kutoa ushahidi amevaa sare ya kazi ambayo hakuruhusiwa kuivaa.

Afisa aliyesikiliza rufaa alipomuuliza kama kweli pesa ile iliingia Januari, Philister hakubisha.

"Iliingia, mheshimiwa. Lakini ni ya miaka mitatu ambayo sikuwa na kitu. Mkiiita ya mwezi mmoja, hiyo miaka yangu mmeipeleka wapi?"

Afisa aliomba arudie polepole, akaandika. Uamuzi ulipotoka, malimbikizo yaligawanywa katika miezi yote ya ile miaka mitatu. Kwa hesabu hiyo Philister alistahili, tena alikuwa amestahili muda wote.

Harrison mwenyewe alimpigia Gasto simu. "Rudi kazini, Mzee. Ile barua achana nayo."

"Sirudi kwa ajili ya kesi moja," Gasto akamwambia. "Zifungueni zote mlizozikataa hivyo. Nikisikia mmeanza, nitakuja."

Tukaanza siku hiyohiyo. Harrison, kwa heshima yake, alikaa nasi mezani hadi jalada la mwisho. Baadhi ya nyumba zile tulizichelewa, wenyewe wameshahama. Nyingine Gasto alikwenda na mkoba wake, akavua buti mlangoni, akashuka chini.

Mwaka huu tena kuna wanaosema mwenye malipo ya ulemavu asaidiwe kidogo, kwa kuwa "ana chake." Gasto ameshajiandikisha kusindikiza watu kwenye rufaa, bila malipo, kuanzia Mei. Anastaafu kazi, ubishi hajastaafu, na sisi tuliobaki tumeshaupokea.

Asante, Gasto. Pumzika, lala hadi jua litoke, mpe mkeo jioni zake. Tunakuombea afya, miaka mingi na nyumba yenye joto. Na wakikwambia tena utoke, kaa.